Naomba ushauri: gundi inaniharibia lesi kwenye kadi
Habari zenu wapendwa. Natengeneza kadi ndogo za sanaa, zile za milimita 64 kwa 89, nazipamba kwa lesi ya mafundo ninayoifunga kwa mkono. Shida yangu ni kubandika. Gundi nyeupe inapenya kwenye uzi wa pamba. Ikikauka, ua la lesi linakuwa gumu, na vile vitanzi vidogo vya pembeni, ambavyo ndio uzuri wenyewe, vinagandamana na karatasi. Jana nimeharibu ua la petali tano lililonichukua jioni nzima, nimeumia kweli.

Nimejaribu kushona kwa uzi mwembamba. Inashika vizuri, ila matundu yakikaribiana karatasi inachanika. Je, nitoboe kwanza kwa sindano, kadi ikiwa juu ya sponji? Au kuna gundi isiyolowesha uzi? Naombeni msaada, mliowahi kufanya.