Sensei, mwalimu wetu wa karate, ametutoka, dojo yake (klabu ya mazoezi) imebaki mikononi mwangu. Nibadilishe mafunzo?

Mpwa_wa_Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Sensei wetu wa Goju-ryu, mtindo wa karate, hapa Tanga, Allah amrehemu, ametuachia dojo bila wosia wowote. Nililelewa naye tangu shule ya msingi mpaka dani ya pili ya mkanda mweusi. Mama, mjane wake, alipotoka eda aliniita, akanikabidhi mkanda wa mzee, daftari lake la kata (mifuatano ya mapigo ya kukariri) na funguo za stoo.

Mzee alikuwa mtu wa Sanchin, kata ya kupumua na kusimama imara. Mgeni alipumua na kukanyaga Sanchin miezi na miezi, anakaguliwa kwa makofi ya mabegani, ndipo aonyeshwe kitu kingine. Watoto wa sasa hawangoji. Mtaa wa pili kuna taekwondo, mikanda inabadilika rangi chapchap, na wazazi wanahamisha watoto wao. Kaka zangu wawili wa dojo wanataka tuegemee kumite, yaani kupigana wawili, na mashindano. Wananiambia naabudu kaburi. Nifuate lipi?

Kiatu_Kimoja:
Karate haizuii panga, mkuu. Weka vyuma hapo, fungua jimu, utakula.

Shomari_GR:
Achana na huyo. Pole kwa msiba, mdogo wangu. Nina swali moja: mbona hukutaja kata za Gekisai? Miyagi Chojun alizitunga Gekisai mbili mwaka 1940, fupi na nyepesi, ili karate iwafikie vijana wengi. Huyo ndiye mwanzilishi wa Goju-ryu, na Sanchin aliipenda kuliko mzee wako. Ukianza na Gekisai, Sanchin ikaenda sambamba dakika chache kila kipindi, hujamsaliti mtu.

Mpwa_wa_Ngamiani:
Daftarini zimo, hatua kwa hatua. Mzee alikuwa akiziruka, anasema ni za watoto wa shule.

Shomari_GR:
Sasa wewe unafundisha nani? 😂

Bi_Mkubwa_Dani4:
Mimi nataka kusema juu ya huo mkanda. Miyagi alifariki 1953 bila kutangaza mrithi. Shinzato Jin'an, ambaye wengi walimtazamia, alikuwa ameshafia vitani 1945. Wanafunzi wake wakaendelea kila mmoja na dojo yake: Miyazato akafungua Jundokan, Toguchi akawa na Shoreikan, Yagi na Meibukan yake. Mwaka 1963 familia ya Miyagi ikampa Yagi gi (vazi la karate) na mkanda wa mwalimu, lakini wenzake hawakufunga dojo zao kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usiwaonyeshe kaka zako mkanda kama hati ya nyumba. Ni wakubwa zako. Waendee kwa adabu, mmoja mpe kumite kabisa aisimamie. Nani anafundisha Sanchin na nani anapeleka vijana mashindanoni si lazima awe mtu mmoja.

Na usimpe mtu mkanda mweusi kwa dani ya pili. Alika watahini wa Goju-ryu kutoka dojo nyingine, uwalipe nauli, wewe kaa pembeni.

Afande_Mstaafu:
Mnazungumza kata, hakuna aliyeuliza ukumbi. Mkataba una jina la nani? Klabu imesajiliwa?

Mpwa_wa_Ngamiani:
Ukumbi ni jina la marehemu. Klabu haijasajiliwa, mzee hakupenda makaratasi. Ada hata hakuandika. Asiye nacho alikuwa anafagia ukumbi.

Afande_Mstaafu:
Basi hapo ndipo dojo itakapofia, si kwenye taekwondo. Nenda kwa afisa michezo wa halmashauri akuelekeze; usajili uko kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, Baraza la Michezo la Taifa. Katiba, viongozi, wanachama, vyote viandikwe. Hao kaka zako waingie kwenye uongozi. Mkataba uhamie jina la klabu, siyo lako, maana hata wewe utakufa. Wa kufagia waendelee kufagia, ila waandikwe.

Mpwa_wa_Ngamiani:
Shukrani wakuu. Kaka mmoja amekubali tuonane Ijumaa baada ya swala. Wa pili hajapokea simu, nitamfuata kwake. Mwenye mfano wa katiba ya klabu ndogo aniwekee hapa, tafadhali.