Nimpigie yaya Samoa saa ngapi?

Mama Neema, Birere: Yaya yangu ni mtawa kule Apia. Jumapili anafikisha miaka 50, na Mama anataka kumwimbia. Tukipiga saa mbili usiku hapa Goma, kwake itakuwa saa ngapi? Simu yangu na ya jirani hazipatani.

Baba Joël: Mama Neema, kwake itakuwa Jumatatu, saa moja asubuhi! Wanatutangulia kwa saa 11. Simu ya zamani huenda inaongeza saa moja ya kiangazi, yaani kusogeza saa mbele msimu huo, desturi ambayo Samoa iliiacha 2021.

Héritier: Mwaka 2011 waliruka Ijumaa nzima, tarehe 30 Desemba, ili siku zao za kazi zilingane na za Australia na New Zealand. Wanabiashara ndio walioumia zaidi kabla ya hapo.

Mama Neema: Aksanti sana. Basi tunapiga Jumamosi usiku, tumpate kabla ya misa.