Tangazo la iPad lililoponda piano: hasira ya wasanii ilikuwa ya haki?

Mwanzisha mada: Wakuu, nimelirudia lile tangazo la Apple la Mei 2024, "Crush!". Kwa ambaye hakuliona: mtambo mkubwa unashuka taratibu juu ya piano, gitaa, tarumbeta, makopo ya rangi, vitabu na lenzi za kamera. Vyote vinapondwa, rangi zinaruka, na nyuma kuna wimbo wa mapenzi wa zamani. Mtambo ukiinuka, kimebaki kishikwambi kimoja, iPad Pro mpya, unene milimita 5.1 kwa ile ya inchi 13.

Mwigizaji Hugh Grant alisema huko ni kuangamiza uzoefu wa kibinadamu, kwa hisani ya Silicon Valley, yaani kampuni kubwa za teknolojia za Marekani. Siku mbili tu, Apple ikaomba radhi na kusema haitalirusha kwenye televisheni.

Mimi nasema walikasirika kwa haki. Mnasemaje?

Mchangiaji: Mkuu, unakuza mambo. LG walitangaza simu ya kamera mwaka 2008 kwa wazo hilohilo la kuponda vyombo, na hakukuwa na kelele hizi. Maana iko wazi: vyote hivi vimo humu ndani. Binti yangu kajifunzia kinanda kwenye kishikwambi. Piano ningeitoa wapi mimi? Waliolia ni wenye piano.

Mwanzisha mada: Kwa binti yako sina ubishi, hongera zake. Ila hiyo 2008 inakuumbua. Wakati ule nani aliogopa kwamba kompyuta itamwandikia filamu au kumchorea picha? Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma siku 148, na akili mnemba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Mwaka haujaisha, Tim Cook mwenyewe, aliyekuwa bosi wa Apple wakati huo, anawarushia mtandaoni video ya vitendea kazi vikisagwa! Mfiwa humchezei ngoma mlangoni.

Halafu kama maana ni "vimo humu", kuponda kwa nini? Kuna mtu aliicheza video ileile kinyumenyume: mtambo unapanda, piano inajiunga, rangi zinarudi makoponi. Ikapendeza kuliko ya awali, na haikumgharimu kitu.

Mpiga besi: Mimi napiga kwenye harusi. Gitaa langu limegundishwa shingo mara mbili na bado linanilipia kodi ya nyumba. Lile tangazo sikulimaliza. Lilipofika kwenye gitaa nilizima. Samsung walikuwa wajanja, wakatoa lao: mwanamke anaokota gitaa lililobondeka, anakaa, anapiga huku anasoma noti kwenye kishikwambi chao. Nao wanauza tu, najua. Lakini angalau gitaa linalia.

Mchangiaji: Sawa, kwenye ile ya kinyumenyume mmenishika. Ila radhi bado naona haikuhitajika. Piano ni mbao na nyaya, fundi atatengeneza nyingine.

Mpiga besi: Fundi yupi, mkuu? Nipe namba yake.