Naomba ushauri: marafiki wanaojikuta mke na mume katika dunia nyingine
Wakuu, nina muswada wa riwaya, sura 24. Marafiki wawili wa tangu utotoni, kijana na binti, wanapanda pantoni Kigamboni, Dar es Salaam. Wakishuka Magogoni, kila mtu anawajua kama mke na mume. Alama pekee kwamba wako dunia nyingine ni kovu la binti, limehamia mkono wa kushoto.

Tatizo: wanavuka kwenda dunia hiyo katika sura ya 3, msomaji hajauonja urafiki wao, hivyo penzi linaonekana la kupewa. Nikisogeza hadi sura ya 8, mwanzo unapooza. Je, nibaki na ya 3, urafiki uonekane kwa vitu vidogo, mfano kijana kumtolea mwenzake pilipili kwenye mishikaki bila kuombwa?

Na wakirudi dunia yao, nani akumbuke yaliyotokea? Wakikumbuka wote, sioni kikwazo cha kubeba sura 6 za mwisho.