Boksi limeandikwa HO, ndani mlango ni milimita 20. Wauza stesheni za modeli, rula hamna?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, mwenye roho nyepesi apite jukwaa la mapishi.

Kuna maboksi ya kuunganisha nyumba za modeli za reli yanauzwa kwa jina la "stesheni ya Afrika Mashariki, HO". Duka silitaji, wanaolijua wanalijua. Fungua boksi, weka rula kwenye mlango wa ofisi: milimita 20. HO ni skeli ya modeli za reli, 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mlango wa mita mbili na kidogo ukiugawa kwa 87 unapata milimita 23 mpaka 24. Huo wa 20 kwa ukubwa halisi ni sentimita 174, kwa hiyo stesheni masta mwenye kofia anaingia ofisini kwake amerukuu. Wala hakuna fumbo hapa: jengo limechorwa 1:100, skeli ya wasanifu majengo, halafu mtu akabandika lebo ya HO kwa kuwa ndiyo inayotafutwa.

Halafu mtu akilalamika anajibiwa "kuza tu faili kwa asilimia 115". Hesabu ni sahihi, ushauri ni wa hovyo. Faili la mchoro ambalo mashine ya leiza inalifuata kukata kadibodi lina matundu ya kupachikia yaliyopimwa kwa kadibodi ya milimita 2. Ukikuza lote, tundu linakuwa 2.3 na kadibodi bado ni ileile 2. Kuta zinacheza kama meno ya babu, unajaza gundi, kona inakaa nyuzi 87 badala ya 90, na paa halifungi tena. Ukikuza lazima uchore upya matundu na ndimi zinazoingia humo, au ununue kadibodi ya 2.3 ambayo dukani hutaiona.

Paa ndiyo matusi kabisa. Bati la migongo, hili la kila siku, lina inchi 3 kutoka mgongo hadi mgongo, yaani milimita 76. Gawa kwa 87: 0.87. Milimita moja haifiki! Paa la kwenye boksi lina migongo ya milimita 2, ambayo kwa ukubwa halisi ni sentimita 17 na ushee. Hilo si bati, ni matuta ya viazi. Na paa ndilo linaloonekana kuliko kitu chochote, maana modeli unaitazama kutoka juu.

Anayetaka bati la kweli asinunue. Chukua foili nene, ile ya vyombo vya kubebea chakula, siyo ya kufungia nyama ambayo inachanika ukiipumulia. Ilaze juu ya pedi ya kipanya cha kompyuta. Tafuta fimbo ya chuma yenye nyuzi mwili mzima kama skrubu, saizi M5. Kutoka uzi hadi uzi ni milimita 0.8, sawa na sentimita 7 za kweli. M6 ni milimita 1, inakupa karibu 9. M5 iko karibu zaidi na ile 76. Kandamiza kwa viganja viwili, viringisha mara moja tu kwenda mbele. Ukirudi nyuma migongo inapishana na ile ya kwanza, foili inageuka wavu. Jambo ambalo video zote zinaliruka: uzi wa skrubu ni wa kuzunguka, kwa hiyo migongo inatoka imelala upande kwa digrii kama 3. Usikate kwa kufuata ukingo wa foili, kata kwa kufuata mgongo. Ukikosea hapo, safu ya tatu ya paa lako itakuwa imehama na hutajua kwa nini.

Vipande: milimita 35 kwa 8, ndilo bati la futi 10. Anza safu ya chini, ya juu ilalie ya chini kwa milimita 2, pembeni zipishane mgongo mmoja na nusu. Gundi ya mbao haishiki foili, tumia epoksi kidogo kwenye fito. Na piga rangi mabati yakiwa bado mezani, kila moja kivyake: mawili matatu ya kijivu kinachong'aa, mengi yaliyofifia, machache yenye kutu inayoanzia kwenye misumari na kwenye maungio. Paa lililopuliziwa kopo moja la rangi ya kahawia lote sawia linafanana na keki.

Nasikia kuna wanaotetea boksi hilo kwa kuwa "lina dohani mbili, limependeza". Dohani, Dodoma? Labda kama unajenga nyanda za juu za Kenya kwenye baridi. Kilichofanyika ni kuchukua stesheni ya kijijini Uingereza, kuipaka rangi ya udongo na kuongeza mnazi wa plastiki. Hata jukwaa limebaki la Kiingereza, milimita 10 na nusu kutoka usawa wa reli, wakati kwenye njia yetu ya kati abiria kwenye stesheni nyingi anapanda kwa ngazi za behewa. Kibaraza kirefu chenye kivuli, ambacho ndicho uso wa stesheni zetu, hakimo. Tangi la maji nalo hakuna. Lile la paneli za chuma zenye mchoro wa X ni jepesi kujenga, paneli moja ni futi 4, milimita 14 kwa HO.

Tuje kwenye reli. Boksi linakuja na nusu mita ya reli yenye geji, yaani nafasi kati ya reli na reli, ya milimita 16.5. Zidisha kwa 87: 1435. Hiyo ni SGR! Kama unajenga Mombasa–Nairobi ya 2017 au Dar–Dodoma ya 2024, hongera, uko sawa. Lakini stesheni yenye mabati ya migongo na tangi la maji ya injini za mvuke ni ya geji ya mita, na mita moja kwa 87 ni milimita 11.5. Reli inayokaribia ni HOm, yaani HO ya geji ya mita, ya milimita 12, inayotengenezwa hasa kwa ajili ya njia nyembamba za Uswisi. Ukiweka Garratt za darasa la 59, zile injini kubwa za mvuke, juu ya 16.5 basi acha kabisa kusema unajenga EAR, shirika la zamani la reli la Afrika Mashariki.

Ukishapata ya 12, kuna mataruma, yale yanayolala chini ya reli. Reli za dukani zina mataruma yenye nyuzi za mbao zilizochongwa kwa ufundi mkubwa. Njia zetu za zamani zimejaa mataruma ya chuma, yaliyokunjwa kama hori lililopinduliwa, ncha zimeinama chini na kumezwa na kokoto. Piga msasa nyuzi za mbao ziishe, paka kahawia ya kutu, jaza kokoto mpaka zibaki mgongo tu. Ncha zisionekane.

Na kokoto zenyewe! Kifuko kilichomo ndani ya boksi kina punje za milimita 2. Rudi kwenye matuta ya viazi hapo juu: sentimita 17. Hayo ni mawe ya msingi wa nyumba. Kokoto za reli ni milimita 25 hadi 60 hivi, kwa HO ni 0.3 hadi 0.7. Chekecha vumbi la mawe kwa chujio la chai, kisha linalopita lipitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni. Linalobaki ndani ya soksi ndilo lako. Mchanga wa baharini usiuguse: una chumvi inayovuta unyevu, na mara nyingi una punje nyeusi za chuma. Pitisha sumaku ndani ya mfuko wa nailoni juu ya mchanga wowote kabla haujaingia kwenye modeli. Punje moja ikirukia mota ya injini, utasikia inavyosaga.

Kumwaga gundi hapo ndipo walimu wa video wanapoua watu. Wanaonyesha gundi ya mbao na maji nusu kwa nusu, basi. Ukiidondosha kwenye kokoto kavu inajiviringisha kama maji juu ya mafuta, inabeba punje na kuacha mashimo. Lowesha kwanza: maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, au spiriti, kwa kichupa cha kupulizia, ukielekeza juu hewani ili yashuke kama ukungu. Zikishaloa kote ndipo gundi, nayo ina sabuni, kwa bomba la sindano, tone kwa tone kutoka katikati ya reli. Iache saa 24. Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, tumia kokoto chache mno, zisifike kwenye ndimi za reli zinazosogea wala kwenye fito inayozivuta, na ichezeshe kila baada ya muda gundi ikikauka. Pointi iliyoganda hairekebishiki, unaing'oa.

Udongo: tumia udongo halisi, ule mwekundu wa Voi hauna mpinzani. Ukaange kwanza kwenye sufuria kuukuu ili wadudu na ukungu wafe. Ila gundi inaufanya uive, wekundu unakuwa kahawia ya maini. Jaribu kwenye kipande cha kadibodi. Dawa ni kunyunyiza udongo mkavu juu gundi ikiwa bado mbichi, kisha kupangusa unaobaki.

Nyumba nazo zisielee. Ukiona mstari wa mwanga chini ya ukuta, umeharibu kazi ya mwezi. Zamisha msingi milimita 2 ndani ya ardhi, jaza udongo mpaka ukutani. Kisha tazama nyumba yoyote iliyopakwa chokaa kando ya njia baada ya masika: matone ya paa yamerusha udongo ukutani, chini ni wekundu mzito na juu unafifia, kimo cha goti hivi. Kwa HO ni milimita 6. Brashi kavu, rangi ya udongo uleule uliopo chini, dakika tano. Hakuna boksi linaloeleza hilo.

Majani mabichi ya plastiki ya rangi ya zumaridi sitayazungumzia. Katani iliyokatwa milimita 4 ni nyasi ya kiangazi tosha, inafika sentimita 35 za kweli, na wala haihitaji rangi.

NYONGEZA: Mkuu mmoja ameuliza kwa nini kuta zake za kadibodi zimepinda, yuko Tanga. Umepaka vanishi upande wa nje tu. Unyevu wa pwani unaingia kwa ndani, upande mmoja unavimba na mwingine haufuati. Paka pande zote mbili siku hiyohiyo, na kingo pia, halafu weka vijiti vya kukaza ndani ya kila ukuta unaozidi sentimita 8.

NYONGEZA 2: Muuzaji ameingia na kusema mlango wake ni sahihi. Weka picha. Rula iwe ya chuma, imegusa kizingiti, na sifuri ionekane.