Impreza ya marehemu kaka: nichore kwa brashi, nipige rapu ya stika, ama pesa yote iende kwa injini?

Korongo_GC8 (Kampala)
Habari zenu wakubwa na wenzangu. Niko na Subaru Impreza WRX ya 1998, ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, yeye ndiye alinizoesha rali tangu niko darasa la tatu, tunasimama kando ya murram tunakula vumbi mpaka jioni. Sasa gari iko kwangu na nataka nikimbie nayo autokrosi, yale mashindano mafupi ya kwenye murram, kule Garuga. Kwa boneti nataka korongo wetu wa taji, mbawa zishuke mpaka kwa fenda, halafu milango iwe na ile kahawia ya lubugo, kitambaa chetu cha gome la mti. Kuna dada amesoma sanaa Makerere yuko tayari kuichora kwa mkono. Mwingine ananiambia achana na brashi, chapisha kwa stika, piga rapu, yaani stika inayofunika bodi nzima, siku mbili imeisha. Na fundi wangu anasema rangi haisukumi gari, nunua turbo kubwa. Bajeti yangu yote ni milioni 12. Mngekuwa nyinyi mngeanza wapi?

Fundi_Ndeeba
Pole kwa kaka, ndugu yangu. Mimi nafungua hizi injini kila wiki kwa hiyo wacha niseme wazi. Turbo kubwa USIWEKE sasa. EJ20, injini ya hiyo gari yako, ukiongeza presha bila kurekebisha kompyuta ya injini na petroli inayoingia, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, injini inaanza kugonga, pistoni inakatika pale kwenye mfereji wa ringi na hapo unanunua injini nzima. Pia kumbuka Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hata hiyo turbo uliyonayo inazunguka kwa kasi zaidi kuliko ingekuwa Mombasa ili itoe presha ileile. Anza kwa kupima kompresheni, yaani injini inabana hewa vizuri kiasi gani, silinda zote nne, badilisha paipu za vakyumu zilizokauka, radieta isafishwe. Kisha breki: diski, pedi nzuri, na mafuta ya breki mapya. Hayo mafuta yananyonya maji taratibu, yakizeeka yanachemka ukibana breki mara kwa mara, pedali inashuka mpaka chini. Nimeona kijana ameingia kwenye matairi ya pembeni kwa sababu hiyo, ana nguvu za farasi kibao na hana breki.

Rapu_Jinja
Nitetee rapu kidogo. Nilipiga kwa gari yangu, Toyota Altezza, ilitoka safi, na uzuri wake ukichoka unatoa. Lakini usikubali stika ya bei rahisi, ile inavutika kisha inajirudi, kingo zinafunguka. Ile nyembamba iliyomiminwa ndiyo inakaa kwa mikunjo. Jua letu linapiga kutoka juu kabisa, kwangu milango ilikuwa bado mpya wakati boneti na paa zimeshapauka. Na kosa langu ni hili: fenda moja ilikuwa imepakwa upya na mwenye gari wa zamani, bila praima nadhani, siku ya kutoa rapu tulipasha moto polepole kabisa na bado rangi ikaja na stika, kipande kama kiganja. Gari ya 1998 lazima iko na sehemu kama hizo. Pitisha sumaku kwa milango na fenda zote kwanza, pale haishiki kuna pati chini, ile ya kujazia mabonde.

Dada_Msasa
Korongo, mimi nachora, si magari peke yake, na nakuambia brashi inaweza. Andy Warhol mwaka 1979 alipaka BMW M1 kwa mkono wake, chini ya nusu saa, na gari hiyohiyo ikakimbia mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ikamaliza ya sita. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini akachora BMW 525i mwaka 1991 kwa mistari ya Kindebele, ukisimama mbele yake unaona ni mkono wa mtu. Rapu inakupa picha ya mchoro, brashi inakupa mchoro wenyewe, unyoya unapita kwa kidole.

Ila matatizo yote yako kwa kliya, ile rangi angavu ya kufunika juu. Kliya ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu, ina thina kali, ikikutana na rangi isiyokauka vizuri inaikunja kama ngozi ya maziwa. Mwambie huyo dada achore kwanza kwa kifuniko cha buti cha skrepa, kwa rangi zilezile, apige kliya ileile, akiache juani na mvuani wiki tatu nne. Apige msasa laini kabla ya kuchora maana rangi haishiki kwenye mng'ao, na kati ya tabaka apitishe kitambaa kisichotoa nyuzi. Mimi unywele mmoja wa brashi ulibaki kwa jicho la chui, sikuuona mpaka kliya imekauka, nikakwangua kichwa kizima. Na tafadhali, anayepuliza hiyo kliya avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa paipu kutoka nje, sio kitambaa. Ile hadina inaharibu mapafu ya mtu na hayarudi.

Mzee_wa_Mbarara
Vijana wangu, mmesahau mawe. Autokrosi ya murram, gari iliyo mbele inakurushia kokoto boneti nzima, korongo atakuwa na madoa siku ya kwanza. Pia mwanangu usiruhusu mtu akate hiyo bodi kuweka fenda pana. Tangu 2018 gari ya miaka 15 na zaidi hairuhusiwi kuingia nchini, GC8, hizi Impreza za kizazi cha kwanza, zilizopo ndizo hizo tu. Na ukibadilisha rangi nenda ukaibadilishe kwa logibuku, afande akikusimamisha anaangalia hilo.
Ushauri wangu: nenda Kisekka, soko la spea pale Kampala, utafute boneti ya pili. Moja ya kuchora, moja ya kukimbia.

Fundi_Ndeeba
Mzee amemaliza. Na kazi ya injini itangulie rangi, injini ikitolewa sisi tunaegemea fenda na spana mkononi.

Korongo_GC8
Asanteni sana, hasa Mzee, hilo la boneti mbili halikunijia kabisa. Nimeamua hivi: kompresheni na breki mwezi huu, milango naiacha na bluu ya kaka, dada ataanza na kifuniko cha skrepa. Leo nimepitisha sumaku kama Rapu_Jinja alivyosema, imeshika kote isipokuwa fenda ya kushoto nyuma ya tairi. Nakumbuka siku kaka alipoigonga hiyo. Fundi, nikuletee Jumamosi asubuhi?

Fundi_Ndeeba
Lete saa mbili, injini ikiwa imelala usiku kucha. Nataka kuisikia ikiwaka baridi kabla sijaipima.