Ukuta wa nyumba ya marehemu babu Mji Mkongwe unatoka maji, nifanyeje?

Mjukuu_Malindi: Asalaam alaykum. Tuna nyumba ya marehemu babu Mji Mkongwe, Unguja, ya ghorofa mbili. Ukuta wa ukumbini umelowa mpaka kiunoni, plasta imevimba, ukiigusa unamwagika unga mweupe wa chumvi. Usiku nasikia vijiwe vinadondoka darini, silali. Kuna rangi yoyote ya kuzuia maji?

Fundi_Chokaa: Waalaykum salaam. Rangi weka kando. Plasta ya mwisho ilikuwa chokaa au saruji? Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe unacho?

BintiKibokoni: Pole kaka. Huku Mombasa Mji wa Kale, roshani ya bibi yangu iliangukia meza ya muuza mahamri mchana kweupe. Hakuumia mtu, ila yule mama mpaka leo akiniona ananidai sinia lake.

Mzee_wa_Baraza: Vijana mnarithi nyumba, hamrithi kuitunza. Sisi kila kabla ya masika tulipanda juu kuziba nyufa kwa chokaa.

Mjukuu_Malindi: Saruji, mwaka jana. Fundi alisema ndiyo imara.

Fundi_Chokaa: Basi ndo ugonjwa wenyewe. Mawe ya matumbawe na chokaa yanapumua: maji yanapanda kutoka chini, yanatokea usoni mwa ukuta, yanakauka. Ukiyafungia kwa saruji yanapanda juu zaidi, na vichwa vya boriti vinaozea ndani ya ukuta usivione. Bandua yote, acha ukuta ukauke, kisha upige chokaa iliyorowekwa ikaiva. Na kibali?

Kipanga_Muscat: Uza, ndugu yangu. Nyumba ya mawe ni mke wa pili, haishi kudai.

Mjukuu_Malindi: Mie nimeuliza maji, sikuuliza kibali.

Fundi_Chokaa: Nami nauliza mara ya tatu.

Mjukuu_Malindi: Haya. Kuna barua ya kusitisha ujenzi, imebandikwa mlangoni tangu mwezi uliopita. Dari ya chumba cha nyuma tumeshaibomoa, boriti nzima nzima za futi 20 tumezitoa, tumwage zege. Nondo zimenunuliwa, mwekezaji katoa malipo ya awali. Kwani hoteli ngapi zimo humo humo? Nyumba ni yetu, si ya UNESCO na urithi wao wa dunia.

BintiKibokoni: "Yetu" ni ya nani? Warithi wangapi wamesaini?

Mjukuu_Malindi: Wanne kati ya saba. Shangazi yuko mbali, hatukutaka kumpa presha.

Kipanga_Muscat: 😂😂 Presha ataipata akiona zege.

Mpita_Njia: Wakuu mnachezewa. Boriti ya mkoko ya futi 20 umeiona wapi? Ikizidi futi 10 au 12 ni bahati, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe vyembamba na virefu. Huyu hajawahi kulala nyumba ya mawe. Weka picha!

Kipanga_Muscat: Picha! Mie nilishaanza kumhurumia shangazi.

Mjukuu_Malindi: Nimekosea kuandika. 20 ni urefu wa chumba, upana ni 10. Picha siweki, barua ina jina la familia.

Mpita_Njia: Jina lifunike kwa kidole. Si kazi.

Fundi_Chokaa: Iwe kweli iwe uongo, nitajibu kama kweli. Boriti ndizo zilizoshikanisha kuta zile mbili. Mmezitoa, sasa kila ukuta umesimama peke yake na juu umebeba ghorofa. Weka mirunda ya kuegemeza leo, zege sahau. Beit al Ajaib, jengo la 1883 hapo hapo Mji Mkongwe, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, wakafa watu wawili. Kesho nenda Mamlaka mwenyewe na barua yako mkononi.

Mjukuu_Malindi: Ahsante fundi. Nikienda, wataulizia na mlango wa nakshi? Maana ule mwekezaji alishauchukua tangu Ramadhani.

Mzee_wa_Baraza: Ulisema barua imebandikwa mlangoni mwezi uliopita. Mlango upi?